Maji ya Jumamosi iliyopita si ya Jumamosi hii

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tuko watu 14 wa ofisi moja, tunataka kutembea kwa miguu ufukweni kutoka Mbezi Beach hadi Ununio. Jumamosi iliyopita, mwezi ukiwa mpevu, wawili wetu tulikwenda kukagua njia saa 4 asubuhi. Bahari ilikuwa imetoka mbali, tukapita bila kulowa. Jumamosi hii tunakwenda wote, saa ileile. Anayetuongoza anasema bahari ya huku haina neno. Tuvae viatu gani, na kila mtu abebe maji kiasi gani? (Msomaji, Tegeta)

JIBU: Marahaba. Vaeni raba za soli ngumu, si ndala, kwa sababu mawe ya matumbawe yanakata. Maji ya kunywa, lita mbili kwa kila mtu, na kofia. Hayo yameisha. Kilichonishtua ni hilo neno “saa ileile”.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Zidisha kwa siku saba: karibu saa sita nzima. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo na bahari ikijaa na kupwa kupita siku nyingine, hapa Dar es Salaam maji hupwa kabisa kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 jioni. Wiki moja baadaye kibao kimegeuka: saa 4 asubuhi ndiyo yamejaa. Ni kweli yatakuwa maji mafu, hayapandi sana. Lakini hayatoki sana pia, na kwenye milango ya mito mtakuta maji pale mlipopita na soksi kavu.

Kosa hili nalikuta kila mwezi. Mtu ameona mchanga mara moja, basi amekuwa kiongozi. Anatengeneza tangazo, anauza fulana, anapanga saa ya kuanza kwa kuangalia foleni ya Bagamoyo Road badala ya jedwali la maji. Mwingine anafungua simu, anaona imeandikwa 10:00, anasoma saa kumi! Ile ni saa nne, ndugu yangu. Na majedwali mengine ya mtandaoni hayafuati saa za hapa, yako nyuma kwa saa tatu. Tafuteni la bandari ya Dar es Salaam, mhakikishe limeandikwa kwa saa za Tanzania.

Kisha kuna wale wanaosema, “Tutayaona yakija.” Hamtayaona. Chukua bamvua la mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa. Saa ya kwanza baada ya kupwa, maji yanapanda sentimita 25 tu, watu wanapiga picha. Saa ya pili, 50. Saa ya tatu na ya nne, 75 kila moja. Chomeka kijiti ukingoni mwa maji katikati ya kujaa, kula chungwa moja, kisha ukitafute. Tena maji hayaji kwa mbele peke yake. Yanaingia kwanza kwenye mifereji na mabonde ya mchanga, na mengi ya hayo yako nyuma yako, upande wa nchi kavu. Umesimama kwenye fungu kavu, unatazama kisiwa cha Mbudya, huku njia ya kurudi imeshafika magotini. Kunduchi kuna ubaya mwingine: kuta zilizojengwa kuzuia mmomonyoko. Maji yakijaa, mchanga mbele yake unakwisha, unabaki na mawimbi huku na ukuta kule. Kujua kuogelea hakukusaidii sana hapo.

Watazameni kina mama wanaookota chaza. Maji yakigeuka tu, wanabeba ndoo, wanaondoka. Hakuna anayemalizia fungu la mwisho.

Kwa hiyo ahirisheni wiki moja, mkutane na bamvua la mwezi mwandamo. Ondokeni saa 2 asubuhi, maji yakiwa bado yanatoka, ili mvuke milango ya mito kabla ya saa 4. Usiku wa kuamkia siku hiyo, sikilizeni Mamlaka ya Hali ya Hewa inasema nini kuhusu upepo na mawimbi. Na mkifika mlango wa mto mkakuta maji yamepita magoti, msishikane mikono na kuvuka. Pandeni juu, mtafute bajaji.