Kondensa ipi ya kutolea mafuta ya mchaichai?

Swali: Fundi, habari za kazi. Natengeneza sabuni nyumbani, Mbagala, na sasa nataka kutoa mafuta ya mchaichai mwenyewe, baadaye na ya karafuu. Sufuria ya presha ya lita 7 ninayo. Nimeonyeshwa kondensa mbili za kioo, yaani vile vyombo vya kupoozea mvuke uwe majimaji. Moja ni nyembamba, ndani ina mrija unaojiviringa, na shingoni imeandikwa 24/29. Nyingine ni ya mrija mnyoofu, kioo kinene na kizito, haina maandishi yoyote, ila muuzaji anasema hiyo haipasuki ng'o. Rafiki yangu naye ananiuzia chupa ya 24/40. Nichukue ipi, na je, hizo namba zitaingiliana?

Jibu: Nzuri, dada. Tuanze na namba, maana hapo hakuna ugumu. Ile 24 ni upana wa sehemu iliyosagwa kwa milimita, ukipima pale penye upana mkubwa. 29 au 40 ni urefu wa huo msago. Mteremko wake ni mmoja duniani kote: kila milimita 10 za urefu, upana unapungua milimita 1. Kwa hiyo dume (upande unaoingia) la 24/40 linaingia kwenye jike (upande unaopokea) la 24/29 na kukaa vizuri, ila ncha yake itachungulia ndani kidogo. Hilo halina madhara. Usichoweza ni kuunganisha 24 na 29/32 au 19/26 bila kipande cha katikati, na vipande hivyo madukani havipatikani kirahisi kama kondensa zenyewe. Chagua saizi moja, ushikamane nayo.

Sasa hilo la kioo kinene. Muuzaji anazungumzia kuanguka, wewe unahofia joto. Mvuke unaingia ukiwa na nyuzi 100, upande wa pili wa ukuta kuna maji ya bomba. Kioo kikiwa kinene, ndani kunatanuka wakati nje bado pamepoa, na hapo ndipo ufa unapoanzia. Cha maana ni aina ya kioo. Vyombo vya maabara hutengenezwa kwa borosiliketi, ambayo hutanuka takriban theluthi moja tu ya kioo cha kawaida cha dirisha au cha chupa ya soda. Kwa namna hiyo, kioo chembamba cha borosiliketi kinavumilia kuliko kinene cha kawaida.

Utakitambuaje bila maandishi? Angalia ukingo wa mrija kwa ubavu. Ukiona ukijani, shaka. Kisha omba ruhusa ya kufanya jambo moja dogo. Mimina mafuta ya alizeti masafi kwenye glasi na uchovye ncha ya kondensa, mafuta yaingie mpaka ndani ya mrija. Borosiliketi inapinda mwanga karibu sawa na mafuta hayo, basi kuta za mrija zitafifia mpaka uone kama ncha imekatwa pale usawa wa mafuta. Kioo cha kawaida kinabaki kuonekana waziwazi, na mistari yake yote. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Kuhusu umbo, watu wengi hupenda ule mrija wa kujiviringa kwa sababu unaonekana wa kitaalamu. Unapooza vizuri kweli, lakini ni lazima usimame wima, mvuke uingilie juu na maji yatokee chini. Ukiulaza, maji yanatuama kwenye mizunguko, mvuke unayasukuma, halafu yanatoka kwa kutema. Kwako hiyo ina maana stendi ndefu na mpira mrefu kutoka kwenye sufuria. (Jiandae pia kwa majirani. Mtaani kwetu mtu akiona mrija umejiviringa na kitu kinachuruzika, anawaza gongo. Waonyeshe majani mapema.) Ningekuwa wewe ningetafuta ya tatu: mrija mnyoofu, kuta nyembamba, koti la maji (mrija wa nje unaopitisha maji ya kupoozea) la sentimita 40 hivi, yenye 24/29. Hiyo inakaa mshazari, inasafishika kwa brashi, na ukiwa na haraka huna cha kukosea. Kama ni hizo mbili tu, chukua ya kujiviringa na uisimamishe wima.

Ila niseme wazi, dada: hapa Dar kitakachokushinda ni maji kabla ya kioo. Kila lita moja ya mkeneko, yaani mvuke uliopoa na kuwa maji, imeacha joto la kilojuli 2,257 kwenye maji ya kupoozea. Maji yetu ya bomba hayana ubaridi wa Lushoto. Chukulia yana nyuzi 28. Ukizungusha ndoo ya lita 20 kwa pampu ya tenki la samaki, lita moja tu ya mkeneko inaipandisha ndoo nyuzi 27 hivi, inafika 55. Kutoka hapo kondensa haipoozi tena cha maana, na chumba kizima kitanukia mchaichai. Hiyo harufu ndiyo mafuta yako yanaondoka. Pipa la lita 200 kwa kazi ileile linapanda nyuzi kama 3 tu. Kwa hiyo nunua pipa kabla hujafikiria kondensa ya bei. Barafu inasaidia, lakini utahitaji karibu kilo 7 kwa kila lita, na bei yake ikijumlishwa sabuni itakuwa ya matajiri.

Maji yaingilie chini ya koti na kutokea juu, ili koti lijae bila hewa kubaki. Kisima cha mtaani chenye maji ya chumvi ukiepuke. Koti litashika ukoko mweupe. Likishashika, lijaze siki ulale nalo hivyo. Umeme ukikatika pampu inasimama lakini jiko la gesi linaendelea, basi usiache kazi hiyo ukaenda sokoni.

Sufuria ya presha: toa kile kizito cha juu, pale ndipo unapofunga mpira wa silikoni unaohimili joto. Vali ya usalama iache kama ilivyo. Maji yakae chini, majani juu ya kichanja, yasizidi theluthi mbili ya sufuria, yasije yakaziba tundu. Upande wa kupokelea uwe wazi muda wote. Mfumo uliofungwa kote ni bomu. Moto uwe wa wastani, kwani sufuria hiyo ikichemka kwa nguvu inatoa mvuke kuliko kondensa ndogo inavyoweza kuumeza.

Kwenye maungio, achana na vaselini. Inayeyuka, halafu inaingia kwenye mafuta yako. Zungusha ile tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba mara moja, inatosha. Maungio yakigandana, mwagia maji ya moto upande wa jike tu na ugonge taratibu kwa mti wa mwiko.

Usitarajie wingi. Mchaichai mbichi hutoa kama asilimia 0.2 hadi 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo kilo mbili za majani ni mililita chache tu, pengine vijiko viwili vya chai au pungufu. Ukipokelea kwenye jagi utayapoteza ukutani. Tafuta faneli ya kutenganishia yenye koki chini, ya mililita 250. Mafuta ya mchaichai yanaelea: fungua koki, maji yatoke, funga mafuta yakikaribia.

Ya karafuu ni kinyume, yanazama, basi yatatoka yenyewe mwanzo. Na huna haja ya kununua karafuu nzima za bei. Makonyo (vikonyo vya karafuu) pia yana mafuta, ndiyo yanayotumiwa na kiwanda cha Wawi kule Pemba. Yachemshe kwa saa nyingi zaidi kuliko mchaichai, kwani ni magumu kuachia. Mafuta yenyewe uyahifadhi kwenye chupa ya kioo cheusi, maana baadhi ya plastiki yanazila.