Kabla Hujapokea Oda ya Biskuti za Makaroni Huku Mbeya

Ukioka nyumbani hapa Mbeya, siku si nyingi utaombwa biskuti za makaroni: zile laini za Kifaransa, vipande viwili vya rangi vilivyobana krimu katikati. Kabla hujapokea hela ya mtu, fahamu kwamba resipe nyingi zinazozunguka mtandaoni zimeandikwa na watu wanaooka karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko juu, kama mita 1,700 hivi. Huku hata maji ya chai yanachemka yakiwa na nyuzijoto 94 hivi, hayangoji 100.

Mimi nilizioka kwa ajili ya sendofu ya mtoto wa mama mkubwa. Ilikuwa Aprili, mvua haikatiki. Nilifuata resipe neno kwa neno, na trei zikatoka na biskuti zilizopasuka juu, tupu ndani, nyingine zimetambaa hadi zimeshikana. Lile pindo lenye vitundu chini, ambalo ndilo alama ya makaroni, halikuonekana kabisa. Lozi za kusaga unga wake zilikuwa zimenigharimu sana, na bibi harusi mtarajiwa alikuwa ameshawaambia rafiki zake. Iliniuma.

Tatizo kubwa lilikuwa ngozi. Ukishamimina rojo la ute wa yai, sukari na unga wa lozi kwenye karatasi ya kuokea, unaliacha lipigwe na hewa mpaka juu pakauke. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia mvuke usitokee juu, ukalazimika kutokea pembeni chini, na hapo ndipo pindo linapotengenezwa. Resipe ilisema dakika 30. Kwenye unyevu wa masika dakika 30 hazikaushi kitu. Juu ya hapo, kwenye mwinuko kama wetu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo mapovu yaliyo ndani ya ute wa yai yakipata joto yanatanuka zaidi na kwa haraka. Ngozi mbichi haihimili, inapasuka. Sukari nayo inanyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana nyingine zilitambaa.

Kwa hiyo achana na saa, tumia kidole. Gusa juu taratibu. Kama rojo linang'ang'ania kidole, subiri, hata ikichukua saa nzima na zaidi. Trei zikae chumba ambacho hakuna sufuria inayochemka wala nguo zilizoanikwa. Joto lishushe: resipe ikisema 150, mimi naanzia 140 na kuweka trei mbili zilizopandana ili chini pasiungue. Ute usiupige mpaka ukawa mkavu wa kukatikakatika. Ukishasimama na kung'aa, inatosha. Ukichanganya na unga wa lozi, koroga mpaka rojo likichotwa kwa mwiko lishuke kama utepe bila kukatika, kisha uache hapohapo. Halafu gonga trei mezani kwa nguvu kidogo ili hewa kubwa itoke.

Mayai pima kwa mizani. Resipe ikisema mayai matatu inamaanisha ute wa gramu 100 hivi, na mayai ya kuku wa kienyeji hayafikishi hapo. Bakuli lisiwe la plastiki, maana linashika mafuta, na tone la mafuta au la kiini linatosha kuzuia ute usiumuke. La bati au la kioo, ulipanguse kwanza kwa limau.

Kuhusu lozi, nina msimamo wangu: anza na korosho. Tunazilima wenyewe kusini, Mtwara na Lindi, na zikisagwa zinatoa unga mweupe wenye ladha ya upole. Zisage pamoja na sukari ya unga, kidogokidogo, mashine ikizimwa kila mara, la sivyo mafuta yatatoka na utaishia na siagi ya korosho. Kisha chekecha. Karanga sizishauri kwa kazi hii. Ladha yake inafunika kila kitu na rangi ya waridi inageuka ya udongo.

Na jiko la mkaa, moto juu na chini, ambalo linatutolea keki nzuri sana siku zote, hapa halifai. Makaroni zinataka joto dogo lisilopandapanda. Tafuta oveni ya gesi au ya umeme, hata ya kuazima kwa jirani, na kipimajoto cha kuweka ndani, kwa sababu namba za kwenye kitasa mara nyingi si za kweli.

Upande wa mteja, sema wazi mapema. Oka trei ya majaribio kwa hela yako wiki kabla ya shughuli, mpelekee aonje, ndipo mzungumze bei. Weka pembeni biskuti za siagi za kawaida unazoziweza. Kwenye ile sendofu ndizo zilizoliwa, na zile zilizovunjika nilizisaga nikanyunyizia juu ya kastadi.

Siku hizi oda za makaroni nazipokea kuanzia Juni, kipupwe kinapokausha hewa, mpaka Oktoba. Mvua zikianza namwambia mteja zisubiri. Aliyeko Tukuyu, ambako mvua hainyamazi muda mrefu, nampa ushauri mwingine: akaushie trei ndani ya oveni iliyopashwa moto kidogo tu kisha ikazimwa, mlango ukiwa wazi, na aguse kila baada ya dakika chache.