Maswali na Majibu: Nyamapori kwenye Sahani ya Krete

SWALI: Mlo wa Mediterania unaosifiwa kwa afya ya moyo ni wa Krete, kisiwa cha Ugiriki, na Wakrete ni wawindaji. Mbona hutuambii tule nyamapori?

JIBU: Swali hili halikomi hata nilijibu vipi. Wataalamu wa Rockefeller Foundation, shirika la hisani la Marekani, walipochunguza vyakula vya kisiwa hicho mwaka 1948, nyama, samaki, maziwa na mayai kwa pamoja vilitoa takriban asilimia 7 tu ya nguvu ya mlo. Mafuta, hasa ya zeituni, asilimia 29. Kilichobaki, karibu chote ni mkate, kunde, viazi, mboga na matunda. Kupata sungura mwitu au kware ilikuwa bahati. Na wauza vitabu vya mlo hawakuambii hili: familia moja tu kati ya sita iliridhika na chakula chake, na walichokitamani zaidi ni nyama. Umaskini wa watu wale leo tunauziwa kwa bei ya hoteli.

SWALI: Huyo sungura wanampikaje?

JIBU: Vitunguu vidogo vizima, divai au siki, jani la mlaureli (bay leaf), mdalasini, moto mdogo. Utafune taratibu: vipande vya risasi za bunduki hubaki nyamani, na ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito.

SWALI: Nikienda Samaria, lile korongo la Krete, nitampata wapi mbuzi mwitu wao, kri-kri, nimwonje?

JIBU: Humpati. Analindwa na sheria, na Samaria ni hifadhi ya taifa tangu 1962. Wajerumani walipokikalia kisiwa, 1941 hadi 1945, wapiganaji wa milimani walimla mbuzi huyo. Ilikuwa njaa ya vita. Wewe una njaa gani? Mhudumu akikunong'oneza kuwa anaye, ama ni ujangili ama unauziwa mbuzi wa zizini.

SWALI: Kweli wanakula konokono?

JIBU: Sana, hata kwenye mfungo wa Kiorthodoksi nyama inapoachwa, maana konokono huhesabiwa hana damu. Huokotwa baada ya mvua, hufungiwa siku kadhaa na unga au makaroni wasafike tumbo, kisha hukaangwa kifudifudi juu ya chumvi, wakamaliziwa kwa mafuta ya zeituni, siki na rozimeri. Wa bustanini kwako waache. Wanaweza kubeba minyoo hatari, na hujui jirani kapulizia dawa gani.

SWALI: Alizeti inafaa badala ya zeituni?

JIBU: Kwa kukaangia, ndiyo. Ila usiuite mlo wa Krete.