Barua kwa Mwanangu Zuhura: Kampuni Inapotaka Kuwa Mzazi

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Barua yako imenifikia, na nimeisoma kwa utulivu kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa swali lako si la kujibiwa kwenye simu. Unasema kamati yenu ya huduma kwa jamii imetakiwa ipendekeze mradi wa miaka mingi, na mkurugenzi mmoja ametoa wazo kwamba, badala ya kupeleka unga na magodoro kwenye makao ya watoto kila Desemba, kampuni iwaasili watoto kumi yenyewe, iwalishe, iwasomeshe na kuwapa jina lake, kwa hoja kwamba kampuni nayo ni mtu mbele ya sheria. Unataka nikueleze faida na hasara za jambo hilo, kwa kuwa ajira yangu yote ilikuwa katika ofisi ya watoto.

Kwanza tulimalize la sheria, maana ni fupi. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022, kama ile ya 2001 iliyoitangulia, haimjui mzazi wa kuasili asiyekuwa binadamu. Mwombaji ni mtu mmoja, au mume na mke wanaoomba pamoja, na asipokuwa jamaa wa mtoto hutakiwa awe ametimiza miaka 25, asiwe amepita 65, na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Jumuiya zilizosajiliwa kushughulikia uasili huwapima waombaji na kuandaa majalada, lakini hazigeuki kuwa wazazi, na amri yenyewe hutolewa na mahakama. Mkurugenzi wenu, basi, anaomba kitu ambacho hakuna jaji anayeweza kumpa. Lakini najua hukuniuliza kama jambo hili linaruhusiwa. Umeniuliza kama lingefaa kuruhusiwa, na hilo ndilo nitakalolijibu.

Sitazidharau faida zake. Watu wengi wakisikia habari ya kampuni kulea mtoto huguna na kusema mtoto ni wa ukoo, kana kwamba ukoo haujapata kumdhulumu mtoto. Nimeshughulikia mayatima walioachiwa nyumba na shamba la minazi, na kabla ya arubaini ya baba yao ami alikuwa amekwisha kutafuta mnunuzi. Kur'ani katika Sura ya Nne imewaonya wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma kwamba wanakula moto matumboni mwao, na onyo kali namna hiyo halitolewi kwa kosa lisilotendeka. Kampuni, kwa upande wake, ina mkaguzi wa hesabu, ina bodi inayouliza, na kila shilingi inatakiwa iwe na stakabadhi. Haifi ghafla kwa maradhi na kumwacha mtoto yatima mara ya pili. Haioi mke wa pili asiyemtaka mtoto wa kwanza. Inaweza kumlipia bima mtoto mwenye ulemavu ambaye waombaji wengi humruka bila kusema sababu, na inaweza kumlipia karo hadi chuo kikuu bila kuuza ng'ombe. Ukiniambia kwamba kwa mtoto fulani, katika mwaka fulani, kampuni ingekuwa afadhali kuliko ami yake, sitabishana nawe.

Ila ile hoja ya mkurugenzi kwamba kampuni ni mtu, mimi naiona ndiyo inayolivunja wazo lake. Kesi ambayo mawakili huirudia wanapoieleza kanuni hiyo ni ya Aron Salomon, mtengenezaji viatu wa London, iliyoamuliwa na majaji wa Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, mwaka 1896. Kampuni yake ilikuwa imeanguka ikiwa na madeni, na mfilisi alitaka yeye Salomon ayabebe, kwa kuwa kampuni ilikuwa yake na jamaa zake. Majaji wakakataa: kampuni ni mtu mwingine, na madeni yake si madeni ya mwenye hisa. Tangu hapo wafanyabiashara wa nchi nyingi, na wetu wamo, wamejenga juu ya msingi huo, na mimi siulaumu, kwa sababu bila huo wachache wangethubutu kuanzisha kiwanda. Lakini tazama maana yake kwa mtoto. Kampuni iliundwa ili mwanadamu aweze kuingia katika jambo kwa kiasi alichoweka, na jambo likiharibika aondoke na nyumba yake ikiwa salama. Mzazi hana kiasi alichoweka. Mtoto akishindwa shule, akiingia kwenye dawa za kulevya, akirudi nyumbani na mimba au na kesi, mzazi hawezi kusema hisa zake zimekwisha. Huwezi kuchukua chombo kilichotengenezwa makusudi kwa ajili ya kuweka kikomo cha dhima, ukakikabidhi wajibu usio na kikomo.

Wala usidhani jambo hili halijapata kujaribiwa. Kati ya 1618 na 1619 Kampuni ya Virginia, iliyokuwa ikiendesha koloni la Waingereza huko Amerika, ilipatana na wakuu wa jiji la London ichukue watoto mia moja maskini waliokuwa wakizurura mitaani, iwavushe bahari, na kuwaweka kwa wenye mashamba kama wanagenzi. Jiji lilichangia pauni 5 kwa kila mtoto, za nauli na nguo. Kwa maneno ya karatasi ilikuwa sadaka: watoto wangeondolewa njaa na uvivu, wafundishwe kazi, na baadaye wapate ardhi. Lilipokuja kundi jingine mwaka 1620 na baadhi ya watoto wakakataa kwenda, baraza la mfalme lilitoa idhini ya kuwalazimisha. Na mwaka 1624 mahakama ya mfalme iliifutia kampuni hiyo hati yake ya kuanzishwa. Mlezi wa watoto wale alikoma kuwako kwa amri ya mahakama, nao wakiwa ng'ambo ya bahari wasikoweza kurudi.

Utaniambia huo ulikuwa ukatili wa zamani. Basi tumtazame mwajiri aliyekuwa mpole kwa kipimo cha wakati wake. Samuel Greg alikuwa na kiwanda cha kusokota pamba huko Styal, karibu na Manchester, na mwaka 1790 alijenga nyumba ya kuwalaza watoto aliowachukua kutoka makazi ya maskini ya miji mbalimbali. Walilishwa, walivishwa, walifundishwa kusoma kidogo, na alikuwapo tabibu wa kuwaangalia, jambo ambalo lilikuwa nadra katika viwanda vya siku zile. Nao walifanya kazi kama saa kumi na mbili kwa siku bila ujira, kwa kuwa chakula na malazi ndiyo yalikuwa ujira wao. Mwaka 1806 wavulana wawili, Thomas Priestley na Joseph Sefton, walitoroka na kwenda kwa miguu mpaka London. Priestley alikuwa amepoteza kidole kwenye mashine. Walipofikishwa mbele ya mahakimu waliulizwa sababu, na maelezo yao yamehifadhiwa: hawakulalamika kwamba walinyimwa chakula, walitaka kuwaona mama zao. Mama zenyewe walikuwa maskini wasiokuwa na cha kuwapa.

Mfano ulio karibu zaidi na wazo la mkurugenzi wenu ni wa siku hizi, tena wa hukohuko Uingereza, ambako makao mengi ya watoto walio chini ya uangalizi wa serikali yanaendeshwa na kampuni binafsi. Mzazi kisheria hubaki kuwa halmashauri, na kampuni hulipwa kwa wiki. Mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilichunguza soko hilo na kutoa ripoti Machi 2022. Ilikuta kwamba katika kampuni kubwa ilizochunguza bei ilikuwa wastani wa pauni 3,830 kwa mtoto mmoja kwa wiki moja, na faida ya uendeshaji ilikuwa asilimia 22.6. Makao yenyewe yamerundikana kaskazini-magharibi ambako nyumba ni rahisi, kwa hiyo mtoto wa kusini hupelekwa mbali na shule yake na ndugu zake kwa sababu ya bei ya nyumba. Hakuna hapo mtu mmoja mbaya wa kumnyooshea kidole. Kila mkurugenzi alifanya hesabu ambayo wenye hisa walimwajiri aifanye. Wales iliona imetosha, na mwaka 2025 ikapitisha sheria ya kuondoa faida katika malezi ya watoto hao hatua kwa hatua. Inafaa kamati yenu isome habari hiyo kabla ya kuanza safari ambayo wenzenu wanairudi.

Mkurugenzi anaweza kujibu kwamba ninyi hamtatafuta faida, na nitamwamini. Linabaki suala la nani hasa atamlea mtoto. Kampuni haina mikono. Itaajiri walezi wa zamu, na walezi wa zamu huenda likizo, hupandishwa cheo, huacha kazi. Kuhusu hilo hatubahatishi tena. Kuanzia mwaka 2000 watafiti walifuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa katika makao ya serikali mjini Bucharest, Romania. Nusu walipelekwa kwa familia za malezi, na nusu wakabaki chini ya utaratibu wa kawaida wa nchi. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili, na walioipata kabla ya kutimiza miaka miwili walinufaika kuliko waliochelewa. Kilichopungua kwa waliobaki hakikuwa chakula peke yake, bali mtu yuleyule kila siku. Kwa sababu kama hizo nchi yetu imeweka mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha kwenye familia. Kampuni ikijenga nyumba yake ya watoto kumi leo, hata ikiiita familia, itakuwa inajenga kile ambacho serikali inakifunga.

Niliyoyaona mwenyewe ni madogo kuliko hayo, lakini nakueleza kwa kuwa yanafanana na mpango wenu. Katika makao mamoja niliyoyasimamia, kampuni fulani ilijitwika watoto kadhaa na kuwaita watoto wake. Fulana zilichapishwa, picha zikapigwa, sura za watoto zikatoka kwenye taarifa ya mwaka, na hakuna aliyewauliza kama walitaka wenzao wa shule wajue wanakoishi. Kisha kampuni ikanunuliwa na nyingine. Wakubwa wapya hawakuwa na ugomvi na watoto. Walikuta tu mstari katika bajeti ambao hawakuuandika wao, wakaufuta, na katikati ya muhula watoto wakarudishwa kwa kukosa karo. Mmoja alinijia ofisini akataka kujua alikosa nini. Sikuwa na pa kumpeleka, maana hata mameneja waliomkumbatia kwenye picha walikuwa wamehamia kwingine.

Na wewe ni binti wa pwani, kwa hiyo jiulize maswali ambayo wanasheria wa Nairobi hawayaulizi. Msichana atakapoposwa, posa itapelekwa kwa nani, kwa meneja wa rasilimali watu? Walii, yaani msimamizi wa kumwoza, asipokuwapo nafasi yake hushikwa na kadhi, na kadhi ni mtu mwenye jina na kiti, anayeweza kuulizwa. Sisi Waislamu hatumwondolei mtoto nasaba yake. Sura ya Al-Ahzab inaagiza waitwe kwa baba zao, na kafala, ambayo hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 umeitaja, humpa mtoto malezi bila kumbadilisha ukoo. Kumpa mtoto jina la kampuni, jina ambalo kesho linaweza kuuzwa pamoja na magari na kompyuta, ni jambo ambalo kwangu halina hata upande wa pili wa kuupima. Vilevile sitaki kijana akue akiwa na deni la shukrani kwa mwajiri, akaambiwa asome uhasibu kwa sababu idara ya uhasibu ina upungufu.

Sasa, fedha hizo zina kazi, na kamati yako isirudi kwenye bodi mikono mitupu. Wazee wetu walikuwa na wakfu: nyumba au shamba hutengwa, haliuzwi wala halirithiwi, na pato lake huenda kwa waliotajwa hata mtoaji akifa au akifilisika. Pendekezeni kampuni itoe mali kamili, si ahadi ya kila mwaka, iwekwe chini ya wadhamini wasiokuwa waajiriwa wake, ili mnunuzi wa kesho asiweze kuifuta. Pato hilo liwasaidie bibi na shangazi wanaolea mayatima kwa umaskini, na familia za malezi zinazokubali watoto wenye ulemavu. Mifano ipo. Geoffrey Griffin alipoanzisha shule ya wavulana ya Starehe, Nairobi, mwaka 1959, alijenga kwa michango ya kampuni na watu binafsi, lakini hakuna kampuni iliyodai kuwa baba wa wavulana wale. Mpango wa Wings to Fly wa benki ya Equity, ulioanza 2010, humlipia karo mwanafunzi maskini na kumpa mshauri, naye likizo hurudi kwao. Na ikiwa mkurugenzi yule ana moyo wa kulea kweli, na simtilii shaka, mlango wa kuasili uko wazi kwake na mkewe. Wapeleke maombi yao kwenye jumuiya iliyosajiliwa, nami niko tayari kuwaeleza hatua zote.

Ukimaliza rasimu ya pendekezo nitumie kabla ya kikao, niipitie. Ndani yake weka wazi mambo mawili ambayo bodi itajaribu kuyaruka: kwamba picha za watoto hazitatumika katika matangazo, na kwamba fedha zitakabidhiwa zote mwanzoni. Wakikataa hilo la pili, uliza kwa adabu ni kwa nini, na uandike jibu lao kwenye kumbukumbu za kikao.

Baba yako anakusalimu, na anauliza utakuja lini.

Wasalaam,
Mamako