Maswali ya Wasomaji: Madhabahu ya Warumi

SWALI: Mhariri, salaamu. Katika michoro ya mahekalu ya Roma naona madhabahu ipo nje, mbele ya ngazi. Kanisani kwetu iko ndani. Wachoraji wamekosea? (Msomaji, Tudor)

JIBU: Hawajakosea. Hekalu la Kirumi lilikuwa nyumba ya sanamu ya mungu, si ukumbi wa waumini. Ibada ilikuwa nje, penye moto. Vitruvius, mjenzi aliyeandika juu ya kazi hiyo, alitaka madhabahu itazame mashariki na iwe chini kuliko sanamu, anayeomba ainue macho.

SWALI: Kafara ilitolewaje, na kwa nini nyingine zilirudiwa? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Kwanza ubani na divai vilitiwa kwenye jiko dogo la kubebeka, fikiria chetezo kikubwa. Msimamizi alijifunika kichwa kwa upindo wa toga, vazi la Kirumi la kujitanda. Mnyama akanyunyiziwa mola salsa, yaani unga wa ngano ya kale iliyokaangwa na kusagwa, ukachanganywa na chumvi. Waliouandaa ni Mabikira wa Vesta, yaani makuhani wa kike wa mungu wa moto wa nyumbani, mara 3 tu kwa mwaka. Divai ikamwagwa kipajini, kisu kikapitishwa mgongoni bila kukata. Ng'ombe alipigwa nyundo au shoka, ndipo akachinjwa, na mikono iliyofanya hayo ilikuwa ya watumishi, si ya kuhani.

Kazi nzito ilikuja tumbo lilipopasuliwa. Walikagua ini, nyongo, mapafu na moyo. Ini likiwa na kasoro, mungu amekataa: aletwe mnyama mwingine. Viungo vikiwa safi vilipikwa, vikateketezwa madhabahuni. Nyama iliyobaki ililiwa na watu.

Dua nayo ilikuwa na masharti. Mmoja alitangulia kusoma, msimamizi akafuatisha neno kwa neno, na mpiga zumari (mbili mdomoni kwa pamoja!) akapuliza ili sauti ya mkosi isisikike. Neno likikosewa, ibada ilianzwa upya. Kwa maoni yetu, hapo Warumi walifanana zaidi na wanasheria kuliko wachaji Mungu.

SWALI: Ipo madhabahu iliyosalia? (Msomaji, Mji wa Kale)

JIBU: Zipo nyingi, na mashuhuri zaidi ni Ara Pacis, Madhabahu ya Amani, mjini Roma. Iliamuliwa tarehe 4 Julai 13 KK, ikawekwa wakfu 30 Januari 9 KK, na vipande vyake vikaunganishwa upya 1938. Ule ukuta wa marumaru unaopigwa picha ni uzio tu. Madhabahu yenyewe imo ndani, na imechongwa wanyama wakipelekwa kuchinjwa.