Waimbaji wamekwenda wapi?

SWALI: Redioni wasikilizaji walibishana kama Rubber Soul ndiyo albamu bora ya bendi ya Beatles. Nimeipiga kwenye simu, nikaiunganisha kwa waya na spika yangu moja. Gita na ngoma nasikia, waimbaji hawapo. Rekodi mbovu? – Msomaji, Malindi

JIBU: Rekodi ni nzima, ndugu. Albamu hiyo ya 1965 ilirekodiwa London kwa mashine ya njia nne, na katika toleo la stereo, yaani lenye sauti tofauti kushoto na kulia, nyimbo nyingi zina ala kushoto, waimbaji kulia. Spika yako inapata kushoto peke yake. Wakati ule mono, yaani sauti zote zikiwa pamoja, ndiyo iliyopewa uzito, na kwa maoni yetu bado ina nguvu zaidi: ngoma na sauti zimeshikana.

Anza na simu. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya ufikivu, washa sauti ya mono. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Kama chombo chako hakina kitufe hicho, usisokote waya wa kushoto na wa kulia pamoja. Kila upande utasukumana na mwenzake, sauti ianze kukwaruza. Lehemu kwanza rezista (kipande kidogo kinachozuia umeme) ya omu 470 kwenye kila waya, ndipo uziunganishe kuingia kwenye amplifaya. Hii ni kwa tundu la hedifoni tu, si kwa nyaya zinazotoka kwenye amplifaya kwenda spika.

Waimbaji wakiendelea kukosekana, tazama pini ya waya inayoingia kwenye simu. Huku pwani chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye pete zake. Isugue kwa pamba yenye spiriti.