Jiko la mkaa ulilonalo linatosha
Ndugu, kama jiko la mkaa la kampuni ya Weber, lile la mviringo la inchi 22, unalo tayari, ligeuze tu liwe la kuivisha nyama polepole kwa moshi. Usinunue jiko la peleti, yaani la vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Panga mkaa kwa mstari uliopinda kufuata ukingo, washa ncha moja, weka vipande vya mbao kavu juu yake, kisha bana matundu ya hewa. Litakaa karibu nyuzi 225 za Fahrenheit kwa saa nyingi, na moshi wake unakolea zaidi. Ndivyo ninavyochoma kidari cha ng'ombe kila kiangazi hapa Minnesota. La peleti linategemea umeme kuzungusha feni na parafujo inayosukuma peleti motoni, na peleti zikilowa huvimba na kuziba njia. Ila ukitaka kulala nyama ikiiva usiku kucha, nunua la peleti.